Neno la Viungo Vitatu

Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, saa nane mchana, mvua ikinyunyiza mtaa wa Ghubra, Afra alikwama. Msaili wa Oslo, kwenye kompyuta, alimtaka, kama jaribio la mwisho, asome kwa Kinorwe jina la kazi aliyoiomba: barnehagelærer.

Nyuma yake bibi yake aligonga finjani kwa ukucha, kama alivyokuwa akimfundisha herufi za hijai utotoni.

“Usilivunje mifupa, mwanangu. Likate viungoni!”

Afra akaviona viungo: barne, watoto, hage, bustani, lærer, mwalimu; mwalimu wa chekechea. Ukucha ukagonga, naye akafuata: “Barne-hage-lærer.”

“Kazi ni yako,” msaili akacheka.

Afra akamrukia bibi shingoni. “Deni la hijai nitalilipaje?”

Bibi akaitikisa finjani tupu, ishara ya kutosheka. “Mie silipwi. Kawalipe watoto hao.”