Wageni Wakiondoka

Siku hizi kila mbwa huvaa kola inayosema maumivu yake kwa sauti, na mtaa mzima husikia. Ndiyo maana wazazi wa mchumba wa Nakiete walipobisha hodi kuleta posa, Mama Nakiete alijiona kama amevuliwa nguo. Uani, mbwa wake Chui alikuwa akirudia, "Sikio linauma. Shingo inauma."

"Watatuonaje hawa? Watasema nyumba hii haijali hata mgonjwa," alimnong'oneza bintiye.

"Lakini mama, tangu juzi kichwa amekiinamisha upande mmoja," alisema Nakiete.

"Anadeka tu huyo. Nyamaza, Chui. Wageni wakiondoka utasema." Akaizima kola.

Wageni walikula wakashiba, wakasifu utulivu wa nyumba. Wakaombwa walale, nao wakalala. Uani, Chui alizunguka palepale mpaka miguu ya nyuma ikalegea.

Kesho yake, wageni walipokwisha kuagwa, Nakiete alimwita daktari wa mifugo. Daktari alimshika Chui shingo, akakuta imekakamaa kama gogo.

"Maambukizi yametoka sikioni yakapanda kwenye ubongo," alisema. "Kwani hakulalamika?"

Mama Nakiete akaitazama kola iliyozimwa.

Daktari akaiwasha kola mwenyewe. Sauti ikatoka, ya chini, kama ya mtoto aliyefunzwa adabu:

"Wageni wameondoka? Sasa naweza kusema?"