Pambio la Kumfunika Mchungaji

Jamani, mngekuwepo kanisani leo! Baba yangu mchungaji kamkazia macho mheshimiwa aliyepora uwanja wa soko, pale kiti cha mbele, akamwambia, "Ahabu, rudisha shamba la Nabothi!"

Walinzi wa mheshimiwa wakainuka.

Mzee wa kanisa mbio kwa mama, kiongozi wetu wa kwaya. "Mama Mchungaji, anzisha pambio! Mumeo atatuponza!"

Mkono wa mama ukapanda. Pambio likalipuka, ngoma juu, mheshimiwa anapiga makofi. Midomo ya baba inacheza tu, hasikiki.

"Imba, mwanangu, wasimchukue," mama akaniambia, machozi yanamtiririka.

Nikavua joho langu la kwaya, nikapanda hadi mimbarani.

"Endelea, baba, mimi nakusikia," nikamwambia. Walinzi walikuwa wameshafika.