Namba ya Zawena

Siku hizo kila mtoto alipewa namba siku ya kuzaliwa, na sheria iliwataka watu wa nyumba moja wawe na namba zenye kigawo kimoja. Namba za Tunu na mumewe Shaweji ziligawanyika kwa kumi na tatu, ndiyo maana waliruhusiwa kuoana. Binti yao Zawena alipewa 1,000,001.

"Hii ni namba tasa, haigawanyiki," karani aliwaambia bila kuinua macho. "Mtamlea hadi miaka saba, kisha ataishi peke yake. Mkibisha, leteni kigawo kabla ya Ijumaa."

Tasa. Neno hilo Tunu aliitwa na mawifi kwa miaka tisa kabla ya kujaliwa mtoto.

Akawa ananyonyesha huku akigawanya. Tatu, saba, kumi na tatu, zote zikabakiza mbili. Alhamisi mchana alijaribu mia moja na moja, na hesabu ikatoka kamili. Akacheka kwa sauti. Kisha kicheko kikamkauka, maana kigawo hicho hakikuwa chake wala cha Shaweji. Kilikuwa cha watu asiowajua, na sheria ingewapa Zawena kesho yake. Akinyamaza, angalau angekuwa naye miaka saba.

Shaweji akaingia. "Mama Zawena, umepata chochote?"

Tunu akaitia karatasi kwenye makaa. "Sikupata, mume wangu. Ni tasa kweli."

Shaweji akaketi sakafuni akalia, na Tunu hakuthubutu kumwambia anyamaze.