Jina la Kuingilia Nyumbani

Katika mji ule, aliyerudi kutoka vitani hakufunguliwa mlango mpaka ataje jina lake mwenyewe. Hapo ndipo mama yake alipomnawisha uso na kumkaribisha ndani. Mize alikuwa na miaka saba siku aliporudi mjomba wake, Makame. Yeye ndiye aliyeshika bakuli la maji nyuma ya mlango, na mpaka leo hajasahau.

"Nani wewe?" bibi yake aliuliza, kama desturi ilivyotaka.

"Mia nne kumi na saba," sauti ilijibu kutoka nje.

"Acha utani wako, baba. Taja jina nililokupa mimi."

"Mia nne kumi na saba."

Mize akachungulia kwenye ufa. Alikuwa mjomba yuleyule aliyembeba mabegani, siku wakubwa walipoleta lori na tarumbeta kuchukua wana wa watu. Wana wao wenyewe walibaki majumbani wakinenepa.

"Sema Makame, mjomba," alinong'ona. "Sema tu, uingie."

Mjomba alimtazama kama mtu anayeulizwa njia katika mji asioujua.

Majirani wakaanza kuondoka mmojammoja. Bibi aliegemeza paji la uso mlangoni, na mwishowe akaita polepole, kwa aibu, "Mia nne kumi na saba."

"Nipo, afande," alijibu upesi, visigino vikagongana.

Mkono wa bibi ulikuwa juu ya komeo. Mize aliinua bakuli la maji, akangoja aone kama atalifungua.