Mdomo wa Sato

Kisu kilikuwa kimeshafika shavuni pale sato alipopanua mdomo na kutema watoto wake juu ya ubao.

Mpara samaki akarudisha mkono. Vifaranga ishirini na kitu, kila kimoja kama punje ya mchele iliyoota macho, vikirukaruka katikati ya magamba.

"Huwalea humo humo mdomoni," alisema mwenzake wa meza ya pili. "Hali kitu, hasemi kitu, siku nenda siku rudi. Wewe ungeweza, shoga?"

Wapara samaki wote wakaangua kicheko, maana mdomo wa mpara samaki huyu hauna breki, na mwenyewe analijua hilo. Ndio uliomwambia binti yake, mbele ya majirani, asikanyage tena nyumbani. Sasa ni mwaka wa tatu binti yuko ng'ambo ya ziwa.

Akamtia sato na wanawe kwenye beseni la maji. Mama akalala ubavu, akihema kwa shida. Vifaranga vikazunguka, vikasita, kisha kimoja baada ya kingine vikarudi mdomoni mwake.

"Vipi samaki wangu?" mteja akauliza.

"Chagua mwingine."

Akajifuta magamba kwenye aproni, akatoa simu, akaipiga ile namba. Ikaita weee, mpaka akataka kukata.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya binti yake.

Akapanua mdomo. Katika maneno yake yote, hata moja halikutoka.

"Mama? Mama, nije?"