Maiki Iliyoachwa Wazi

Mulwa alikuwa amesimama katikati ya daraja, bunduki imelegea mkononi, na risasi zilikuwa zinamjia kutoka pande mbili.

"Lala chini," Wavinya alimwambia. "Mulwa, si ulale chini basi."

Hakulala. Wavinya akaruka ukuta, akatupa bomu la moshi, akasimama mbele yake kumkinga. Yule askari wa kofia nyekundu aliendelea kuyakodolea maji macho kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ilikuwa gemu ya simu tu, lakini kwa Wavinya hakukuwa na "tu". Mwaka mzima sasa, kila Jumamosi alasiri, alikuwa akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jikoni, hapo Nuu, earphone masikioni, na sauti ya Mulwa ikimjia kutoka vilima vya Mbooni. Gemu ndiyo iliyowakutanisha, na maongezi yao yote yalipitia humo humo. Maiki ya gemu haili kredo, wala haiachi namba ya mtu kwenye simu. "Usinipigie," Wavinya alimwambia tangu mwanzo. "Network ya huku haishiki." Mulwa, kijana wa watu, hakuuliza ni network gani hiyo inayoshindwa na simu moja na kubeba vita vizima.

Hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso. Hata hivyo Wavinya alikijua kikohozi chake, kicheko chake cha kuanzia puani, na jinsi alivyonyamaza kidogo kabla ya kusema jambo zito. Jambo lenyewe lilikuwa lile lile kila mara: nielekeze kwenu, wazee walete mbuzi. Kila aliposikia hivyo Wavinya aliyeyuka moyo. Tuvune ndengu kwanza, alimjibu. Baadaye akasema mvua ipite, barabara imeharibika. Haraka ya nini, na Mulwa alikuwa wake?

Leo Mulwa alichelewa kuingia, na alipoingia aliongea chini chini.

"Uko wapi? Naskia mbuzi," Wavinya aliuliza.

"Niko soko, hapa Tawa. Kuna kelele."

"Unauza ama unanunua?"

Mulwa alicheka, lakini si kile kicheko cha puani. "Wavi, niko na kitu nataka kukuambia. Wacha tumalize hii round kwanza."

Wavinya alikuwa na hakika anakijua hicho kitu. Akaamua kwamba safari hii hatamwambia asubiri. Liwalo na liwe, atamwelekeza kwa baba yake, na watakaosema watasema.

Walikuwa wamefika darajani aliposikia mtu akiita huko kwa Mulwa: "Wewe, kuja. Wazee wanakungoja."

"Nishikie hapo, Wavi. Nakam saa hii."

Akaondoka. Simu aliitia mfukoni vile vile, maiki ikiwa wazi. Wavinya alisikia kitambaa kikisugua, hatua kwenye changarawe, kisha sauti za wanaume wengi. Huku kwenye gemu aliendelea kumlinda. Adui mmoja akaanguka, wa pili akakimbia. Masikioni mwake mzee mmoja alianza kuomba. Aliomba kwa kirefu, akamaliza kwa jina la Yesu, na watu wakaitikia amina.

Soko gani hilo linalofunguliwa kwa maombi?

"Kalekye," mzee yule alisema, "hawa mbuzi wameletwa na Mulwa. Tuwale, ama tuwarudishe?"

Hakuna Mkamba asiyelijua swali hilo. Mbuzi wa ntheo hawachinjwi mpaka msichana aulizwe mwenyewe mbele ya wazee. Akisema waliwe, ameshakuwa mke wa mtu, na yaliyobaki ni kupika na kula.

Wavinya alijikuta amefungua mdomo kujibu, kana kwamba ni yeye aliyeulizwa.

"Waleni," msichana akasema, na vigelegele vya kina mama vikapasuka masikioni mwa Wavinya.

"Mulwa," alinong'ona. Hakuna aliyemsikia. "Mulwa, hii ndiyo soko?"

Hakuwa amewahi kuumia hivyo. Mwaka mzima alikuwa amemwamini, akamwambia mambo ambayo hakumwambia mtu mwingine yeyote duniani, kumbe mwenzake alikuwa na Kalekye pembeni. Na asivyokuwa na haya, aliingia kwenye gemu naye huku mbuzi wa mwanamke mwingine wamefungwa uani. Wavinya aliona wazi kwamba amechezewa, na kwamba mtu aliyemwekea moyo wake wote alikuwa mwongo tangu siku ya kwanza.

Adui walikuwa wanarudi, sasa wanne. Angeweza kuwazuia. Badala yake alisogea kando, polepole, akawapisha. Kofia nyekundu ikaanguka majini, na Wavinya hakungoja kuona ikizama. Aling'oa earphone, akajiziba mdomo kwa pindo la leso, akalia kwa uchungu hadi mabega yakatikisika.

"Mama Mumbua?"

Mutisya alikuwa amesimama kwenye kona ya jikoni, jembe mkono mmoja, mtoto wao amelala begani. Alimtazama mke wake kwa huruma.

"Nani amekukosea?"

Wavinya alifuta macho, akaisukuma simu kifuani, akanyoosha mikono ampokee mtoto.

"Hakuna, Baba Mumbua," alisema. "Ni watu tu wa siku hizi. Hawana uaminifu."