Treni ya Chini ya Ardhi

"Huko Moscow nilikosoma, treni inapita chini ya ardhi," nilimwambia baba yake Mutindi, mzee wa reli hapa Sultan Hamud. Nilikuwa nimekuja kumposa binti yake huyo, na mdomo wangu hauna breki.

"Na moshi unatokea wapi?" akauliza.

"Hakuna moshi, mzee. Ni ya stima, umeme huu wa taa."

Akafikiri kidogo, akakubali. "Na walipochimba, walipata maji?"

"Mengi mno. Waliyavuta kwa pampu, wakayamwaga."

Mzee aligeuka akatazama debe la maji ambalo Mutindi alishinda kwenye mto mkavu akifukua mchanga ili alijaze.

"Treni nimeamini," akasema. "Lakini watu wazima wamwage maji? Mutindi, mletee huyu mwongo kofia yake aende."

Mutindi alitoka na kofia yangu ya manyoya. Alikuwa ameivaa.